Fuma, Fumua

Mwezi wa pili, Hanstholm. Upepo unagonga madirisha kama mdai.
Asger, dereva wa lori la samaki, amekaa,
mguu wa kulia ndani ya plasta ngumu.
Barafu ya gatini, hatua moja, pwaa,
na wiki saba za kiti.
Ameshasoma hata maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi.

Birthe wa nyumba ya pili akaingia bila kubisha,
akamwaga mfuko juu ya blanketi:
madonge ya uzi wa pamba, mengine kama yai,
mengine kama kokwa ya zeituni,
masalio ya miaka arobaini na ushei.
"Mikono yako haijavunjika," akasema,
akampa kroshia namba nne, ya chuma,
imelika pale gumba linapokaa.

Mnyororo kwanza. Vitanzi thelathini na viwili.
Vidole vilivyozoea kukaza minyororo ya shehena
vikatetemeka mbele ya mnyororo mwepesi kuliko unyusi.
Ingiza, zungusha, vuta.
Ingiza, zungusha, vuta.
Ukikaba mno, kroshia haipenyi.
Ukilegeza mno, unafuma wavu wa kunasia hewa.

Uzi wa bluu ulibaki kwenye soksi za mtu aliyehamia Aalborg.
Wa manjano ulikuwa vishikizo vya pazia.
Huu wa rangi ya matofali, Birthe alicheka,
ulinunuliwa kwa bei poa, na ukatoa rangi
mpaka shuka zote za nyumba zikaona haya.
"Umeshaishiwa haya sasa. Utumie."

Siku ya tatu kitambaa kilikuwa na umbo la kipande cha jibini:
chini kipana, juu chembamba.
Kila alipofika mwisho wa mstari
alikisahau kitanzi cha pembeni,
kama abiria aliyelala kiti cha nyuma.
Thelathini na viwili. Thelathini na kimoja. Ishirini na tisa.
Birthe hakusema neno. Alishika ncha, akavuta,
na jioni tatu zikatoka, trrr, mapajani.

Kufuma, kufumua: tofauti yake ni u moja tu,
kama kufunga na kufungua,
kama kuziba na kuzibua.
Mkono ni uleule. Uzi ni uleule,
ila sasa umejikunja mawimbi madogo madogo,
unakumbuka ulipokosewa.

Uzi mweupe Asger aliuruka mara mbili.
Ulikuwa mororo kuliko yote, donge lake halijaguswa sana.
"Huu ulikuwa wa nini?"
"Wa blanketi."
"La nani?"
Birthe alitazama nje. Kreni ya bandarini ilikuwa imesimama.
"La mwaka sabini na tisa," akasema.
Kisha, akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake:
"Utie. Pamba ikikaa sana inageuka njano."

Akautia katikati. Mistari minne.
Hakuna aliyepiga hesabu kwa sauti.

Mwezi wa nne daktari alipasua plasta.
Mguu ukatoka mwembamba, umepauka,
kama kiazi kilichomenywa kikasahauliwa kwenye maji.
Usiku, bafuni, Asger alichovya kile kitambaa,
kikanywa maji ya moto, kikawa kizito,
kikapita juu ya kovu, nyuma ya goti,
kati ya vidole ambavyo hakuna aliyevisalimu tangu majira ya baridi.
Ngozi iliyokufa ikatoka vipande vipande.
Matofali yalikwaruza kidogo. Bluu iliteleza.
Mistari minne ya katikati
haikusikika kabisa; palikuwa na joto tu, likipita.

Sasa kinaning'inia bombani, kinadondoka tone moja moja.
Upande wa kushoto ni mfupi kwa kitanzi kimoja.
Amekiona.
Hajafumua.